Friji la Fundi Lugembe

Halina gesi, halina mota,
mlango wake unafungwa kwa kamba ya kiatu.
Alilipata kwa muuza vyuma chakavu wa Mabatini
kwa bei ya jozi moja ya makubazi,
akalitoboa juu na chini,
akaning'iniza ndani balbu ya wati sitini,
akasema: limegandisha vya kutosha, sasa lipashe.

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote,
nina wiki tatu kazini,
najua kukausha ni kuweka kitu juani.

"Jua la Mwanza halina mkono mwepesi," alisema.
"Linapiga jiwe, jiwe linapiga ngozi,
ikifika jioni mkanda wako ni ubao."

Basi nikajifunza taratibu.
Mikanda kivulini, bizimu zikitazama chini.
Magazeti ya jana ndani ya kiatu; yakilowa, ya juzi.
Pumba za mpunga kutoka mashineni Magu
zinanyonya maji kimyakimya, ila huingia kwenye mshono,
na mteja atakaa mwaka akiokota pumba kwenye soksi.
Majivu hapana, yanakula rangi.
Chumvi tulishajaribu. Usiulize.
Siku za dharura Nyamizi wa saluni alituazima draya,
akisimama mlangoni: moto mdogo jamani,
hiyo haioti tena.

Ngozi ya sangara ndiyo yenye madeko.
Ikiona joto tu inajikunja
kama mtu mzima aliyeitwa jina la utotoni mbele za watu.
Hiyo tuliibana ubaoni kwa vibanio vya nguo,
tukaipepea kwa ungo, kwa zamu.

Mara moja nilitumia akili yangu mwenyewe.
Nilibeba pochi sita hadi Igombe, kwenye chanja za dagaa,
upepo wa ziwa wa bure.
Zilikauka vizuri ajabu.
Mpaka leo yuko mwalimu Nyegezi anafuatwa na paka.

Halafu ule mwezi wa nne
Mirongo ulipoingia dukani bila hodi.
Nilikuta viatu vinaelea, cha kushoto kimemkimbia wa kulia,
umeme hakuna,
friji limesimama gizani, maji magotini.
Jozi kumi na nane za kwaya ya Kirumba,
za Jumapili. Siku yenyewe Alhamisi.

Niliwasha jiko la mkaa.
Jozi ya kwanza ikatoa harufu ya nyama,
nikakumbuka kwamba ngozi
ilikuwa ng'ombe kabla haijawa kazi.

Fundi alifika kwa miguu toka Igoma, suruali imekunjwa.
Hakunigombeza.
Alikigonga kiatu kwa ukucha: ko, ko.
"Hiki sasa ni nyumba ya panya."
Akavua shati, akaanza kufuta cha pili.

Tulifuta kwa mashati, kwa pazia, kwa kanga ya Nyamizi,
tukajaza magazeti, tukatoa, tukajaza.
Ijumaa jioni ngozi bado baridi kama pua ya mbwa.
Ndipo akatuma mtoto Kirumba:
waambie waje wote, na soksi kavu, tatu tatu.

Wakaja. Wakavaa.
Wakazunguka uani wakifanya mazoezi,
sauti ya nne wakilalamika kwa sauti ya nne,
wakibadili soksi kila baada ya wimbo,
na kiatu, taratibu, kikashika umbo la mwenyewe.
"Joto la mguu," alisema Fundi, amekaa juu ya debe,
"haliunguzi."

Jumapili jozi kumi na saba ziliingia kanisani.
Bi Ngollo aliimba mstari wa nyuma
na kandambili za bluu,
na mpaka leo akinipita sokoni
hutazama kwanza miguu yangu.

Vile viatu vyake vipo ndani ya friji,
rafu ya mlangoni, penye nafasi za mayai.
Wanafunzi wangu wakimaliza kucheka
huwa wanaviona.